Sauti Yangu Ilipoitwa Mzenga

Tangu nirudi Jumatatu, kila ninayekutana naye hapa Maili Moja ananiuliza swali lilelile: "Mama Edo, ilikuwaje?" Wengine wanauliza huku wameshaanza kucheka. Nimechoka kusimulia vipandevipande, huyu nampa mwanzo, yule namkatishia katikati kwa sababu maji yanachemka. Basi nimekaa chini nimeandika yote. Someni, kisha mniache nipumzike.

Kwa msionijua vizuri, mimi ni karani mstaafu wa masjala. Lakini zamani, jioni baada ya kazi, nilikuwa naigiza mchezo wa redio. Sauti yangu ni nzito, ina mikwaruzo tangu utotoni, na mtunzi alipoisikia tu akasema huyu atakuwa mama mkwe. Nikawa Bi Chachu. Kwa miaka minne, kila Jumanne na Alhamisi, Bi Chachu alimtesa mke wa mwanawe mpaka watu wakamchukia kwa dhati. Alikuwa na neno lake, "Hapa si kwenu!", nalo likaingia mitaani. Makonda walilitumia, walimu walilitumia, hata padri mmoja nilimsikia akilitumia kumfukuza mbwa kanisani. Mchezo ulikwisha, ukarudiwa, ukakwisha tena, na vipande vyake bado vinazunguka kwenye simu za watu. Sura yangu hakuna anayeijua. Tabu inaanza nikifungua mdomo.

Gwata: barua imerudi

Mwanangu Edo anataka kumwoa Tekla, yule muuguzi mnayemfahamu, mrefu, mwenye mwanya. Tekla hakulelewa na mama. Alilelewa na bibi yake, Bibi Skolastika, huko Mzenga upande wa Kisarawe, na alishamwambia Edo wazi kwamba bibi akikataa, hakuna ndoa. Mshenga wetu alikuwa shemeji yangu Gaspari, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye analima Gwata. Alikwenda Mzenga na barua ya posa imefungwa kwenye kitambaa cheupe kama desturi inavyotaka. Jumatano akarudi nayo, na fundo la kitambaa lilikuwa lilelile nililolifunga mimi.

Nilikwenda Gwata siku hiyohiyo pamoja na Edo. Nilimkuta shemeji amekaa nje anamenya mihogo, hataki kunitazama usoni.

"Shemeji, ulisema nini huko?"

"Nilikusifia tu."

"Ulinisifiaje?"

Akajikuna kisogo. "Niliona wazee wa watu wamekaa kimya, nikasema nichangamshe baraza. Nikawaambia, mnamjua mama wa kijana? Ndiye Bi Chachu mwenyewe, yule wa redioni!"

Kulikuwa na mchi karibu yangu. Nashukuru Mungu sikuushika.

Shemeji akaendelea, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Bibi Skolastika sasa haoni vizuri, ana mtoto wa jicho. Aliposikia jina hilo aliacha kutafuna ndizi, akaisukuma barua irudi kwa aliyeileta, akasema: "Mleteni huyo mama nimsikie mwenyewe."

Kwa desturi mama wa kijana hakanyagi ukweni kabla ya majibu. Nilisema hivyo, tena kwa sauti. Edo hakunibishia. Aliingia bandani kwa baba yake mdogo, akatoka na jogoo mkubwa wa kumpelekea Bibi, akakaa chini akaanza kumfunga miguu kwa kamba ya mkonge huku mikono inamtetemeka. Mtoto wangu huyo ana mkono mtulivu, ni fundi wa umeme. Nikajua nitakwenda.

Kuzunguka hadi Kisarawe

Njia fupi ya kwenda Mzenga ni ile ya Mlandizi, lakini mvua za wiki ile zilikuwa zimeivuruga. Ikabidi tuzunguke: Mbezi, Pugu, Kisarawe, halafu Kibuta, halafu ndiyo tutafute Mzenga. Tuliondoka Alhamisi alfajiri, mimi, shemeji na jogoo.

Nilikuwa na mpango. Njiani sitasema neno, shemeji ndiye atakayeuliza nauli na njia, ili nisije nikapokewa Mzenga na umati. Na kimoyomoyo nilikuwa najifunza sauti nyingine, nyembamba, ya upole, ile wanayoitumia masista wakimwamsha mgonjwa. Nikifika kwa Bibi nitamsalimia kwa hiyo. Akisikia mama mpole, maneno yamekwisha.

Pale Pugu gari letu lilikaa saa nzima likisubiri abiria. Mwisho akaingia mwanamume mmoja, kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, miwani nyeusi, akaja kukaa pembeni yangu. Nawaambia ukweli, nilihamisha mkoba kutoka pajani nikaukalia. Katika filamu zetu zote mtu wa kovu na miwani nyeusi ana kazi moja tu, nanyi mnaijua. Nilikaa nimekakamaa, namhesabia kila anapoingiza mkono mfukoni.

Tulipoanza kupanda kilima akaniinamia. "Mama, samahani. Huyo jogoo anapumua?"

Jogoo alikuwa amebanwa chini ya kiti na gunia la mtu, ametoa ulimi. Yule mwanamume akamvuta taratibu, akamlaza mapajani juu ya suruali yake ya kitambaa cheupe, akawa anampulizia kichwani mpaka Kisarawe mjini. Shemeji, ambaye hawezi kukaa karibu na mtu bila kumhoji, akamtoa yote: ni mwalimu wa kemia, kovu alilipata maabarani chupa ilipopasuka, miwani alipewa hospitali kwa sababu ya jicho lilelile. Alituaga kwa kunipa shikamoo. Niliitika kwa kichwa kwa sababu nilikuwa kwenye kimya changu, nikautoa mkoba niliokuwa nimeukalia. Mimi ninayelalamika miaka yote kwamba watu wananichanganya na mchezo.

Kibuta: chapati ya huruma

Gari la pili lilikata springi karibu na Kibuta. Dereva alisema nusu saa. Fundi alipofika alisema labda kesho, akacheka, akaondoka. Kulikuwa na mgahawa mdogo wa mabati kando ya barabara, wa mama mmoja wanayemwita Mama Jeni, tukaingia kujikinga na manyunyu.

"Karibuni. Mama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi?" akaniuliza.

"Shemeji yangu hasemi," Gaspari akajibu upesi, akimaanisha kwamba leo nimeamua kunyamaza.

Uso wa Mama Jeni ulibadilika. "Jamani! Tangu kuzaliwa?"

Shemeji alinitazama, akaona ameshaingia kwenye uongo, akasema ndiyo. Mama Jeni akanishika bega, akaniongezea chapati ambayo sikuiagiza, kisha na maharage, kisha akaanza kunisemesha kwa mikono na kwa sauti ya juu sana. Nilikula nimeinamisha kichwa. Chapati zilikuwa laini, zina mafuta ya kutosha.

Ndipo simu yake ikalia, juu ya kabati la vikombe. Haikulia mlio. Ilipaza sauti: "Nani kakwambia ukae? Hapa si kwenu!"

Nilijimwagia chai kifuani. "Mama yangu! Hiyo si sauti yangu?" nikapiga kelele.

Mgahawa mzima ukanigeukia. Mama Jeni akaiacha simu ilie. "Kumbe unasema!"

Nikamweleza yote, kwa aibu, nikifuta chai. Mimi ndiye Bi Chachu, nakwenda Mzenga kumwombea mwanangu mke, naogopa kutambuliwa. Alinisikiliza mikono kiunoni, kichwa amekilaza upande. Mwisho akasema: "Unamwiga vizuri, mama. Lakini yule mwenyewe ana sauti nzito kuliko yako. Nirudishie chapati."

Sikuamini masikio yangu. Njia nzima nimejinyima kusema nisitambulike, na nilipojitambulisha mwenyewe nikaambiwa naiga. Shemeji alicheka mpaka akatoka nje. Baadaye, tulipokwishazoeana na chapati nimeshailipia, nilimuuliza Mama Jeni kwa nini simu yake inalia hivyo.

"Sio kila simu. Mlio huo nimemwekea mama mkwe tu, akipiga yeye."

"Anakutesa?"

"Nani, yule? Hapana! Mama wa watu mwema kabisa. Hata hii meza kaninunulia yeye." Akafikiri kidogo, mwenyewe akashangaa. "Lakini mlio wa mama mkwe si ndio huo? Kwani kuna mwingine?"

Usiku ule alitulaza nyumbani kwake, mimi chumbani na binti zake, shemeji sebuleni na jogoo. Asubuhi alikataa hela ya malazi. Nililala vizuri, ila nililala na neno lake. Mkwe wa watu kanunua meza, na bado akipiga simu anaingia kwa sauti yangu.

Mzenga, Ijumaa

Tulimaliza safari kwa bodaboda mbili, kwenye utelezi, mimi nimemkumbatia dereva na jogoo. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Saa nne hivi tukafika kwa Bibi Skolastika: nyumba ya tofali za kuchoma, migomba nyuma, na yeye kibarazani juu ya mkeka, anachambua kunde kwa vidole bila kutazama. Kando yake alisimama Alfonsi, mjomba wa Tekla.

Nilipiga magoti nikamshika mkono. "Shikamoo mama," nikasema, kwa ile sauti yangu ya kujifunza, nyembamba, ya upole.

Mkono ulitoka mkononi mwangu. Bibi alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaufuta mkono kwenye kitenge. "Nani huyu? Alfonsi, nani huyu?"

"Ndiye mama wa kijana, mama."

"Huyu simtaki. Nilimwita yule wa redioni. Huyu wa upole mtoe hapa."

Mjomba Alfonsi mwenyewe alishangaa. Nami nikaona posa ya mwanangu inaondoka mbele ya macho yangu, nikasahau mpango wote. "Mama, ni mimi!" nikasema kwa sauti yangu, yote, na mikwaruzo yake. "Ndimi huyo huyo wa redioni, nilikuwa najibana tu!"

Akatulia. Aligeuza sikio kunielekea, vidole viko ndani ya kunde. "Ndiye," akasema. "Kaa."

Akaniambia mambo ambayo Tekla mwenyewe nadhani hayajui yote. Mama yake Tekla, Modesta, alirudishwa nyumbani na mama mkwe wake, wakati Tekla ni mtoto wa miezi miwili. Bibi alikuwapo, alikwenda kumsaidia mzazi. Alisikia kila neno. Modesta alirudi Mzenga, akakonda, hakupona tena, akafa mtoto hajaanza kutembea. Na katika miezi ile ya msiba redio ya nyumbani ilikuwa na mchezo wangu, Jumanne na Alhamisi.

"Nikawa nakusikia wewe," akasema. "Sasa nikiikumbuka siku ile Modesta anafukuzwa, nakusikia wewe. Sura ya yule mwanamke ninayo. Sauti nimeipoteza, imekaa yako. Najua hukuwapo. Sijachanganyikiwa. Lakini kila nikimkumbuka mwanangu, wewe ndiye unayemtoa nje. Halafu mnakuja mnaniambia nikuletee na mtoto wake."

Nilitaka kusema mama, ule ulikuwa mchezo tu. Nilianza hata kumweleza kwamba yule aliyeigiza mkwe wangu alikuwa rafiki yangu, tukimaliza kurekodi tulikuwa tunakula maandazi pamoja na kucheka.

"Nyinyi mlikula maandazi," Bibi akasema. "Mimi nililia."

Nililia na mimi, sioni haya kuwaambia. Nikamwomba radhi. Alinikatiza.

"Usiniombe radhi, hukunikosea kitu. Tatizo ni hiyo sauti yako, iko mahali pasipo pake, nami sijui kuiondoa." Akarudia kunde zake. "Utakaa mpaka Jumapili. Usinyamaze. Nataka kuisikia ikisema mambo mengine."

Siku za kusema

Mnajua mimi ni msemaji, lakini kusema kwa amri ni kazi. Nilisema nikitwanga kisamvu, nilisema nikichota maji. Niligombana na kuni mbichi za Mzenga, ambazo zinatoa moshi tu na haziwaki. Niligombana na Bibi kuhusu chumvi, kwa sababu yeye anaitia mwanzo na mimi mwisho, na hakuna aliyekubali kushindwa. Nilimsomea kadi yake ya kliniki, maandishi yote, mpaka jina la kiwanda cha kadi. Niliimba nyimbo za kwaya, ingawa mnajua ninavyoimba. Nikinyamaza kidogo tu, kutoka kibarazani nasikia: "Mama Edo! Umekufa?"

Jumamosi jioni majirani walijaa uani. Habari ilikuwa imeenea, wakataka Bi Chachu awape neno lake, mara moja tu, wamrekodi, simu ziko tayari. Kijana mmoja alikuwa ametoka mbali kabisa. Nilimtazama Bibi nisijue nifanye nini.

"Bi Chachu hayupo hapa," akawaambia. "Huyu ni mgeni wangu, anapika. Kama mnataka kisamvu kaeni, kama hamtaki kwaherini." Waliokaa walikuwa wengi kuliko chakula.

Shemeji Gaspari alikuwa anawapigia simu Edo na Tekla kila jioni. "Bado," anawaambia. "Wanabishania chumvi." Edo akauliza hiyo ni dalili nzuri au mbaya. Shemeji akasema hata yeye hajui, na zamu hii hathubutu kuchangamsha baraza.

Mzenga, Jumapili

Baada ya misa Bibi hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye kiti, akaniita, akamwita na Alfonsi na shemeji.

"Nimeipata," akasema.

Tulitazamana. Nikamuuliza amepata nini.

"Sauti ya yule mwanamke. Leo alfajiri nilikusikia jikoni unagombana na kuni. Nikajisemea ngoja nijaribu kuikumbuka siku ile ya Modesta, nione. Yako haikuja. Iko jikoni, ina kazi zake. Ikaja ya mwenyewe." Alikunja upindo wa kitenge chake. "Ilikuwa ya upole. Jamani, ilikuwa ya upole kabisa. Alikuwa amekaa anasuka ukili, hakuinua kichwa. Akasema, 'Modesta mwanangu, kusanya vitu vyako taratibu, usije ukamwamsha mtoto.' Hivyo tu. Hata jirani wa ukuta wa pili hakusikia. Nilipokwenda kuwaambia watu kwamba mwanangu amefukuzwa, walisema haiwezekani, yule mama hajawahi kupaza sauti."

Mjomba Alfonsi alitoka nje, nikamwona kupitia mlangoni amesimama ameipa mgongo nyumba na watu wake. Nami nilikumbuka nilivyomshika Bibi mkono siku ya kwanza, na ile sauti niliyokuwa nimeitengeneza njia nzima, nikaona aibu mpaka miguuni.

Bibi akanyoosha mkono. "Barua iko wapi?"

Shemeji alifungua kitambaa. Bibi hakumruhusu asome. Akasema nisome mimi, nisijibane. Nikaisoma barua ya posa ya mwanangu mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kusikia mama yeyote amelifanya, kwa sauti ileile iliyofanya watu wazime redio. Nilipofika kwenye jina la Tekla nilikwama kidogo, nikaendelea.

"Nimekubali," Bibi akasema. "Mpigieni simu mtoto." Kisha akanivuta mkono mpaka sikio langu likafika karibu na mdomo wake. "Sikiliza, Mama Edo. Tekla ana kiburi, atakukosea. Akikukosea, mgombeze kwa sauti hii hii, mtaa mzima usikie. Siku nikisikia umeanza kumsemesha taratibu, nitakuja kumchukua mwenyewe."

"Nimesikia, mama," nikamjibu, kwa sauti yangu yote.